Mji Ukitengenezwa Upya, Nani Aulizwe?



Somo hili ni la mikutano miwili, basi msilikimbize. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika penye maswali, simameni mjadiliane. Asiyejua kusoma asione haya kusema. Katika jambo hili aliyeuza sokoni miaka ishirini anajua mengi kuliko mwenye kalamu.

LENGO LA SOMO: Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze kutofautisha kati ya kuitwa mkutanoni na kuulizwa maoni. Na kikundi kiwe na maoni yake tayari, yameandikwa, kabla mpango wowote wa mji haujapitishwa.

1. KISA

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na kikundi cha kina mama katika kijiji kimoja cha visiwani. Kazi yao ni kusuka mikeka na kushona makuti. Nikawauliza kama wamewahi kushirikishwa katika mipango ya mji. Wakacheka. Mama mmoja akanieleza hivi:

"Tuliitwa mjini. Tukapanda mashua alfajiri. Tulipofika tukaonyeshwa picha ukutani, nzuri kweli. Yule bwana akasema kwa Kiingereza, mwenzake akafupisha kwa Kiswahili. Tukapewa soda na nauli, tukatia sahihi. Basi."

"Mlitia sahihi karatasi gani, mama?" nikauliza.

"Ya nauli," akasema yeye.

"La, ilikuwa ya kuonyesha tumefika," akasema mwenziwe.

Mzee mmoja alikuwa pembeni akitengeneza wavu. Akainua kichwa. "Na huko mjini, wanangu, imeandikwa mmekubali."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nami nilinyamaza, kwa sababu nilijijua. Nilipoanza kazi hii niliwahi kukusanya karatasi za mahudhurio za vikundi vitatu, nikaziambatisha kwenye ripoti, juu yake nikaandika: "Maoni ya wananchi." Maoni yenyewe hayakuwamo hata moja. Yalikuwamo majina tu. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na haraka. Lakini haraka yangu ilisema kwa niaba ya watu ambao hawakusema.

Jadilianeni:
a) Jambo kama hili limewahi kutupata? Lini, na juu ya kitu gani?
b) Kwa nini kina mama wale hawakuuliza swali hata moja?
c) Kosa lilikuwa la nani: aliyeita, aliyetafsiri, au aliyetia sahihi bila kusoma?

2. MJI NI WA NANI?

Pengine mmoja wenu anasema: "Sisi ni watu wa kijijini. Mambo ya mji wa Lamu yatuhusu nini?" Hebu tuhesabu.

Samaki wa Faza na Kizingitini wanauzwa wapi? Mboga na maembe ya Mpeketoni na Hindi yakifika Mokowe, yanavuka kwenda wapi? Mgonjwa akizidiwa anapelekwa wapi? Cheti cha kuzaliwa, kesi, kibali, vyote hufuatwa wapi?

Tena tuiangalie nyumba ya mawe yenyewe. Kuta zake ni matumbawe. Boriti zinazobeba dari zilikatwa katika mikoko yetu. Chokaa iliyopakwa ukutani ilichomwa kwa matumbawe. Mji ule umejengwa kwa mikono na mali za visiwa vyote na bara yake. Hata maji yanayonywewa mjini yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kwa hiyo mwenye haki ya kuulizwa si yule tu anayelala Mkomani au Langoni.

Na athari hazigawanyiki sawa. Soko likihamishwa hatua mia mbili, mwenye duka kubwa atawafuata wateja wake. Mama mwenye ungo mmoja wa samaki hana duka wala ubao wa jina. Wateja wake wanamjua kwa mahali anapokaa tu. Akiondolewa pale, amepoteza biashara yote. Gati ikifungwa miezi sita kwa matengenezo, mwenye mashua ya injini atapita pengine. Mwenye mtumbwi afanyeje?

Jadilianeni:
a) Wanakikundi wangapi walifika mjini mwezi uliopita? Kila mmoja aseme alikwenda kufanya nini.
b) Ni mahali gani pa mjini ambapo pakifungwa, kikundi chetu kitaumia kwanza?

3. LAMU IMEWAHI KUPANGWA: TUJIFUNZE NINI?

Kwanza tuelewane neno. Kufufua kitovu cha mji si kubomoa na kujenga upya. Ni kurudisha uhai mahali palipochoka: mitaro ipitishe maji, soko liwe safi, nyumba zisianguke, watu waendelee kuishi na kupata riziki humo.

Mji wa kale wa Lamu ni mdogo, kama hekta 16 tu, yaani ekari 40 hivi. Lakini ndio mji wa Waswahili mkongwe na uliohifadhika kuliko yote katika Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan aliuchunguza na kuonya kwamba unahitaji kulindwa. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Francesco Siravo na Ann Pulver, walikamilisha mpango wa kuuhifadhi wakifanya kazi na Makavazi ya Taifa ya Kenya. Mwaka huohuo mji ukatangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa urithi wa taifa, na afisi ya mipango na uhifadhi ikafunguliwa papa hapa Lamu. Mwaka 1991 ikaundwa tume ya mipango ya mji ili kuangalia mambo yanayozuka. Mwaka 2001 UNESCO wakauingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia.

Tuone mambo mawili mazuri.

La kwanza, kazi ilianza kwa kutazama. Nyumba ziliangaliwa, mitaa ikapimwa, matumizi yakaandikwa. Hakuna daktari mwema anayetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

La pili, jengo kuukuu lilipewa kazi mpya. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Fikirini: kitovu cha mji, mbele ya uwanja na soko, ni mahali watu wanapita wakitazama chini. Baada ya kukabidhiwa Makavazi, ikawa mahali pa maonyesho, mikutano na maktaba. Kuta ni zilezile, lakini sasa mtoto anaingia kwa hiari yake na kutoka akipenda.

Zanzibar nao walifuata njia hiyo. Mpango wa kuhifadhi Mji Mkongwe ulipitishwa mwaka 1994, na Siravo aliyekuwa Lamu ndiye aliyeuongoza. Kwa hiyo msidhani kisiwa kidogo hakina la kufundisha. Lamu ilitangulia.

Lakini yako pia ya kuuma. Mpango wa kuhifadhi huleta masharti: huwezi kubomoa, wala kuongeza ghorofa, wala kutumia saruji utakavyo. Masharti hayo yana faida, maana ukuta wa matumbawe ukipigwa saruji hauvuti pumzi, unaweka unyevu na kuharibika. Ila fundi wa chokaa na boriti nzuri ni ghali. Mwenye nyumba asiye na fedha afanyeje? Wengine wameziacha zikaporomoka. Wengine wamewauzia wageni wenye uwezo, wao wakahamia pembeni. Nyumba imepona, jirani ameondoka.

Na masharti ya mjini hufika mpaka mikokoni. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti mwezi Februari 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu nao waliguswa. Fundi wa mjini alikosa boriti, na mkataji wa kijijini alikosa chakula. Ndiyo maana nasema wapangaji wa mji wakiwauliza wenye nyumba peke yao, wameuliza nusu.

Jadilianeni:
a) Ukuta ukihifadhiwa na watu wakaondoka, kimehifadhiwa nini?
b) Katika kijiji chetu kuna jengo lililoachwa ambalo lingeweza kupewa kazi mpya?

(Hapa mkutano wa kwanza uishe. Kila mmoja aende nyumbani na swali (a), amuulize mtu mmoja asiye mwanakikundi.)

4. KUITWA NA KUULIZWA

Mwaka 1969 mama mmoja wa Marekani, Sherry Arnstein, aliyekuwa akifanya kazi katika mipango ya kufufua miji, aliandika kwamba kushirikisha wananchi ni kama ngazi yenye vidato vinane. Chini kabisa watu wanadanganywa tu. Juu kabisa wananchi wenyewe wanashika uamuzi. Sisi tuifupishe iwe vidato vinne:

Kidato cha 1: Tumeambiwa. "Soko litahamishwa Jumatatu."
Kidato cha 2: Tumeulizwa. "Soko linafaa likae wapi?" Lakini hatujui jibu letu lilikwenda wapi.
Kidato cha 3: Tumejibiwa. "Mlisema hivi. Hili tumelikubali. Hili tumelikataa, na sababu ni hii."
Kidato cha 4: Tumekaa pamoja mezani tangu mwanzo, kabla ya picha kuchorwa.

Wale kina mama wa kisa chetu walikuwa kidato cha 1, ijapokuwa karatasi ilisema wako juu.

Sasa sheria inasemaje? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 184 kinataka wakaaji washiriki katika utawala wa miji yao. Hayo si hisani ya mkubwa yeyote.

Na si maneno ya karatasini tu. Hapa kwetu yamewahi kuamua mambo makubwa. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wananchi kupitia Save Lamu wakapinga mbele ya Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa? Mikutano ilikuwa imefanyika, watu walikuwa wameitwa. Lakini mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya uchunguzi wa athari kukamilika. Ripoti yenye madhara yenyewe ilipotoka, haikurudishwa kwa wananchi ipasavyo waijadili. Yaani waliulizwa juu ya kitu wasichokijua.

Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya bandari mpya ya Lamu. Ikaona kwamba wananchi hawakushirikishwa wala kupewa habari inavyotakiwa, ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi ilifunguliwa mwaka 2012. Miaka sita kortini, na hata baada ya hukumu fedha hazikuja kesho yake. Kwa hiyo msiseme, "Tutashtaki baadaye." Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kushtaki baadaye. Kinga ni bora kuliko tiba.

Kumbukeni kanuni hii: HABARI KWANZA, MKUTANO BAADAYE, JIBU MWISHO. Kikikosekana kimoja, hatujaulizwa.

5. HATUA ZA KIKUNDI

Kabla ya mkutano

Ombeni mpango wenyewe. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa anatakiwa amwandikie na kumpa nakala. Afisi inatakiwa ijibu katika siku 21. Huwezi kutozwa ada ya kuomba, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Wekeni nakala ya barua, na mpokeaji agonge muhuri wa tarehe.

Chorani ramani yenu. Hamhitaji kompyuta. Tafuteni mahali pa mchanga. Kijiti kichore ufuo, njia kuu na gati. Kifuu kiwe soko, kauri ziwe maduka, majani yawe mahali penye maji machafu. Kina mama wachore yao, wanaume yao, vijana yao, kisha mtembeleane. Mtashangaa. Wanaume watachora gati kubwa na choo watakisahau. Kina mama watachora choo kwanza. Vijana wataonyesha mahali pa giza ambapo wazee hawakujua. Karani anakili ramani zote tatu kwenye karatasi kabla upepo haujazifuta.

Hesabuni. "Tutaumia" ni neno dogo mbele ya afisa. "Wanachama 17 kati ya 24 huuza sokoni, na kila mmoja hulisha watu kadhaa nyumbani" ni neno zito. Msiongeze hata mmoja. Uongo mmoja ukijulikana, ukweli wote umeanguka.

Chagueni wasemaji wawili, mmoja mwanamke. Mwenye sauti kubwa si lazima awe ndiye mwenye neno.

Siku ya mkutano

Ombeni Kiswahili kitumike. Si ushamba, ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Kabla ya kutia sahihi, someni kichwa cha karatasi. Kama ni ya mahudhurio, andikeni kando ya jina: "Nimehudhuria tu." Ulizeni maswali haya manne na karani aandike majibu:

- Wakati wa ujenzi tutauza wapi?
- Ukimalizika, nani atarudi, na kodi itakuwa kiasi gani?
- Kazi za ujenzi watapewa mafundi wa wapi?
- Jibu la maoni yetu litakuja lini, kwa njia gani?

Swali la kwanza na la pili msiyasahau. Bustani ya Forodhani kule Zanzibar ilifungwa itengenezwe, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na wauzaji wa vyakula wako pale kila jioni mpaka leo. Bustani nzuri isiyo na wauzaji isingekuwa Forodhani. Lakini nafasi ya muuza chakula haijihifadhi yenyewe. Lazima iandikwe katika mpango.

Baada ya mkutano

Andikeni ukurasa mmoja, si zaidi. Mfano:

"Sisi kikundi cha ______, kijiji cha ______, tuna wanachama ______. Kati yao ______ huuza katika soko la Lamu. Tumeuona mpango. Tunakubali ______ kwa sababu ______. Hatukubali ______ kwa sababu ______. Badala yake tunapendekeza ______. Tunaomba jibu kwa maandishi. Tarehe ______."

Angalieni lile neno "badala yake." Kukataa bila kupendekeza hakukubadilishii kitu. Jibu lisipokuja, sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inawapa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa kaunti. Mwende vikundi kadhaa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

6. TAHADHARI

Msidhani kila mpango ni adui. Mitaro ya mjini inahitaji kutengenezwa. Taka zinahitaji mahali pake. Wako maafisa wema wanaongoja wananchi wenye maoni yaliyopangwa, na hawawapati. Wanapata kelele au kimya. Tena sisi wenyewe tujikague. Ndani ya kikundi chetu, uamuzi wa kununua mashine ulifanywaje? Mwenyekiti alituita, au alituuliza? Tusidai mjini tusichokifanya nyumbani.

7. ZOEZI LA MWISHO

Tuseme (ni mfano tu) kaunti inataka kulitengeneza upya soko lililo karibu na Ngome, na kazi itachukua mwaka mmoja. Gawaneni makundi manne: wauza samaki, wenye nyumba za jirani, wenye punda, na maafisa wa kaunti. Kila kundi lipewe nusu saa kuandaa maoni, kisha mkutane. Maafisa waseme mwisho, na kila wanalolikataa watoe sababu. Mkimaliza, waliocheza maafisa waeleze walivyojisikia. Hapo ndipo somo linapoingia.

KAZI YA KUFANYA kabla ya toleo lijalo: Ramani tatu zichorwe na kunakiliwa, hesabu ya wanachama wanaotegemea mji iandikwe, na barua moja ya kuomba habari ipelekwe afisini. Tuleteeni nakala, tupate kuona vikundi vingine vimeandikaje.

Wale kina mama wa kisa chetu niliwarudia baadaye. Safari hii hatukwenda na karatasi ya mahudhurio. Tulikaa mchangani, wakachora. Yule mama aliyenieleza habari za soda alichukua kauri moja, akaiweka karibu na soko, akasema: "Hapa ndipo ninapokaa mimi. Anayetaka kupahamisha, anikute hapa aniulize."